Jicho Lianze Wapi? Kanuni za Nembo na Tovuti kwa Mfanyabiashara wa Dodoma

Mteja anayetaka nembo hapa Dodoma mara nyingi huja na orodha. Anauza mafuta ya alizeti, kwa hiyo ua la alizeti liwepo. Dodoma ina jua, basi na jua liwepo. Halafu ramani ya Tanzania, mikono miwili inayoshikana kuonyesha umoja, tone la mafuta, jina la biashara kwa herufi kubwa, kaulimbiu chini ya jina, na mwaka wa kuanzishwa. Vyote vikae ndani ya duara. Ukimuuliza kimoja kimoja, kila kitu kina sababu yake, na sababu zenyewe ni za kweli. Linalobaki bila jibu ni hili: mtu akitupa jicho kwenye nembo hiyo, lianze wapi, na likitoka hapo liende wapi?

Swali hilohilo ndilo linalokwamisha tovuti nyingi. Unafungua ukurasa wa kwanza unakuta picha sita zinazopishana, salamu za mkurugenzi, tangazo linalotembea, vitufe vya rangi nne, na namba ya simu imejificha chini kabisa. Watu wamezoea kuzitenga kazi hizi mbili, nembo apewe msanii na tovuti apewe mtu wa kompyuta. Ninavyoona mimi ni kazi moja: kuamua kipi kionekane kwanza, kipi kifuate, na kipi kiachwe kabisa. Uamuzi huo wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na ndio hasa mteja anaoulipia hata kama hajui.

Tuifuate kazi hiyo kwa mfano mmoja hadi mwisho. Tuchukue kikundi cha kufikirika cha akina mama wa wilaya ya Kongwa wanaokamua alizeti. Wanauza mafuta kwenye madumu ya lita 5 na lita 20, pale Kibaigwa kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, na kwenye maduka ya Dodoma mjini. Mashudu yanayobaki wanawauzia wafugaji kwa gunia. Wanataka nembo ya kubandika kwenye dumu na kwenye gunia, na wanataka tovuti itakayowafikisha kwa wenye hoteli, mama lishe na wauza duka wanaonunua kwa jumla.

Jicho hupanga lenyewe

Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alichapisha utafiti uliojaa nukta na mistari mitupu. Alikuwa anaonyesha jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kujijua. Ukitazama nukta nyingi huzioni moja moja. Macho yako huzipanga makundi kabla hujaanza kufikiri. Zilizokaribiana huonekana ni za jamii moja. Zinazofanana kwa umbo au rangi huungana hata kama zimeachana kidogo. Na umbo lenye pengo, akili hulifunga yenyewe.

Utunzi wa nembo na ukurasa unaanzia hapo. Kwenye lebo ya dumu, maneno "lita 5" yakikaa karibu na namba ya simu kuliko yalivyo karibu na jina la mafuta, macho yatayaunganisha na simu, na mnunuzi atapoteza muda kidogo kutafuta ujazo. Huhitaji kuchora visanduku wala mistari ya kutenganisha. Umbali unatosha. Kwenye tovuti kosa hili limejaa: kichwa cha habari kimeachwa katikati kabisa, umbali uleule kutoka aya iliyopita na aya inayofuata, na msomaji hajui ni cha ipi. Kishushe kikaribie aya yake, na ukurasa utatulia bila kuongeza rangi wala picha.

Kuhusu umbo kujifunga lenyewe, sijui mfano mzuri kuliko panda kwenye nembo ya WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1961, na mmoja wa waanzilishi wake, Peter Scott, ndiye aliyechora panda wa kwanza. Nyeusi na nyeupe zilifaa pia kwa sababu zilipunguza gharama za kuchapa. Mchoro umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na panda wa sasa hana mstari unaozunguka kichwa wala mgongo. Yapo mabaka meusi tu: masikio, macho, pua, miguu. Mwili wake ni weupe wa karatasi yenyewe, na mtazamaji ndiye anayeumalizia.

Nafasi tupu, basi, ina kazi. Nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, aliyoitengeneza Lindon Leader mwaka 1994, ina mshale mweupe kati ya herufi E na x. Mshale huo haukuchorwa juu ya herufi. Umetokea kwenye uwazi ulioachwa baina yake. Wengi huiona nembo hiyo kwa miaka bila kuuona mshale, na nembo bado inafanya kazi. Hilo ni jambo la kushika. Maana ya ndani ni nyongeza. Jina lisomeke kwanza.

Nyeusi kwanza, rangi baadaye

Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza ni kuchora nembo kwa rangi nyeusi peke yake mpaka imalizike, ndipo afikirie rangi. Si suala la ladha. Nembo ya kikundi chetu itachongwa muhuri wa mpira. Ankara yake itatolewa fotokopi. Itapakwa kwenye gunia la mashudu kwa rangi moja kupitia karatasi ngumu iliyokatwa. Itachapwa kwenye flana, ambako kila rangi inayoongezwa huhitaji chujio lake na gharama yake. Nembo inayotegemea rangi ya chungwa kufifia polepole kuwa njano itakufa kwenye muhuri siku ya kwanza.

Kwa mtu wa kanda ya kati somo la umbo liko karibu. Michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alipita huko mwaka 1951 akiinakili. Sehemu kubwa ya michoro ile ya zamani ni umbo lililojazwa rangi nyekundu: twiga, pofu, watu warefu wembamba. Wanyama wengi wameonyeshwa ubavuni. Mchoraji alichagua upande ambao umbo la nje husema mengi zaidi, kwa maana twiga akitazamwa ubavuni ana shingo, mteremko wa mgongo na miguu, lakini akitazamwa kwa mbele anabaki kuwa nguzo yenye masikio. Ndiyo maana leo unasimama mbele ya mwamba na kumtambua mnyama bila mtu kukueleza, ingawa rangi imechakaa.

Sasa tulirudie ua letu la alizeti. Karibu kila lebo ya mafuta sokoni humchorea mnunuzi ua lililotazamwa usoni: duara la kahawia katikati, petali za njano pande zote. Kwa weusi mtupu umbo hilo linaweza kuwa alizeti, jua, gurudumu lenye meno, au ua lolote lile. Linaposogea umbali wa mita ishirini halina jina.

Lakini mkulima wa Kongwa anaijua alizeti kwa sura nyingine. Ikikomaa, kichwa hulemea, shina linajikunja, na ua linainamia chini. Lichore hivyo, ubavuni: shina limesimama, juu limepinda, kichwa kizito kinaning'inia. Mimea ya shambani kwetu yenye mkao huo ni michache. Zaidi ya hapo, kati ya shina na kichwa kilichoinama panabaki uwazi, na mchoraji akiupa mpindo huo uangalizi, uwazi wenyewe unakuwa tone. Ua na mafuta vimepatikana kwa umbo moja bila kuongeza hata mstari. Ramani haihitajiki tena, kwa kuwa lebo itaandika "Kongwa, Dodoma". Jua tuliache. Mikono inayoshikana nayo tuiache, na hapa patakuwa na mazungumzo marefu na wanakikundi, kwa sababu mikono ile inawahusu wao na jasho lao. Mimi ningewaambia kwamba umoja wao utaelezwa vizuri zaidi kwa picha yao halisi kwenye tovuti, wakiwa na mashine yao, kuliko kwa mikono ambayo kila chama cha kuweka na kukopa tayari kinayo.

Kuna kishawishi kingine: mbegu. Mbegu za alizeti hujipanga kwa mizunguko inayopishana, na kwa kawaida ukihesabu utapata namba kama 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Ni mpangilio mzuri mno, na msanii akiuona hutamani kuuchora wote. Ila alama ndogo inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari tangu zamani imekuwa pikseli 16 kwa 16, yaani vinukta 256 tu kwa jumla. Mizunguko 89 haitaingia humo. Chora nembo, ipunguze mpaka ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, uitazame. Kilichopotea hakikuwa cha lazima.

Rula ikisema ndiyo, jicho likisema hapana

Wanaojifunza kwa kompyuta huamini kwamba kitu kikiwa katikati kwa vipimo basi kiko katikati. Macho hayakubali hivyo. Herufi O ikichorwa urefu sawasawa na H huonekana fupi, ndiyo maana wachora fonti huifanya O ichomoze kidogo juu na chini ya mstari. Mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama wenye unene uleule, kwa hiyo mstari wa katikati wa H hupunguzwa. Pembetatu ya kuchezesha video ikiwekwa katikati ya duara kwa rula huonekana imesogea kushoto, hivyo husukumwa kulia mpaka ionekane imetulia. Na umbo jeupe juu ya nyeusi huonekana nene kuliko umbo lilelile jeusi juu ya nyeupe. Nembo itakayochapwa nyeupe kwenye flana nyeusi inahitaji toleo lililokondeshwa kidogo.

Alizeti yetu iliyoinama ina uzito upande mmoja. Ukiiweka juu ya jina kwa kufuata katikati ya kompyuta, itaonekana inataka kuangukia kulia. Isogeze kwa mkono, rudi nyuma hatua chache, itazame, isogeze tena.

Nataja hapa na uwiano wa 1.618, ule unaoitwa uwiano wa dhahabu, kwa sababu kila kijana anayeanza kazi hii ameoneshwa video za nembo maarufu zikiwa zimewekewa miduara ya uwiano huo juu yake. Miduara mingi ukiitafutia mahali pa kukaa haitakosa. Hakuna mnunuzi wa mafuta atakayeuhisi uwiano huo, na mwenye kuutafuta huacha kutazama mambo anayoyahisi kweli: je, umbo limesimama imara, na je, linasomeka?

Herufi za jina nazo ni utunzi. Kwa kikundi chetu ningechagua fonti nene isiyo na mapambo, kwa kuwa abiria wa basi linalopunguza mwendo Kibaigwa hana muda wa kufumbua herufi za madoido kama za kadi ya harusi. Fonti moja inatosha, kwa unene wa aina mbili. Pima kama I kubwa, l ndogo na namba 1 vinatofautiana, maana namba ya simu itaandikwa kwa fonti hiyo. Na pima ng' yenye alama yake juu. Baadhi ya fonti za bure huiweka mbali mno, na neno kama "ng'ombe" linaonekana limekatika vipande viwili. Kwa wauza mashudu neno hilo litatumika sana.

Njano kwenye jua la saa saba

Rangi ya alizeti ni njano, na njano ndiyo rangi inayowaponza wauza alizeti. Wataalamu wa tovuti hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1, pale rangi zinapolingana kabisa, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Njano kamili juu ya nyeupe inapata takriban 1.07. Ni kama hujaandika kitu. Njano hiyohiyo ukiifanya mandhari na kuandika kwa nyeusi juu yake, unapata zaidi ya 19. Rangi hazikubadilika, yamebadilika majukumu yake.

Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, na kwao ni lazima. Kwetu vinamgusa kila mtu. Mtu aliyesimama nje ya Soko la Majengo mchana wa Oktoba, simu mkononi na mwanga wa kioo umepunguzwa kuokoa chaji, haoni kijivu chembamba ambacho mbunifu alikipenda akiwa ofisini kwenye kivuli. Kabla ya kuidhinisha rangi yoyote, toka nayo nje.

Rangi isibebe ujumbe peke yake pia. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, kwa hiyo ukiandika bidhaa zilizopo kwa kijani na zilizokwisha kwa nyekundu, ongeza na neno: "Ipo", "Imekwisha".

Kitu kimoja kinachowashangaza wateja ni rangi kubadilika ikitoka kwenye kioo kwenda kwenye karatasi. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, kila mmoja kwa ngazi 256, na hivyo kupata rangi zaidi ya milioni 16. Mashine ya kuchapa huchanganya wino, na wino hauna mwanga wa kutoka ndani. Kijani kinachong'aa kwenye simu kitatoka kimepoa kwenye lebo. Mtu wa kuchapa hana kosa. Mwombe achape kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile ya lebo kabla ya kuchapa zote.

Ukurasa usio na upana

Tofauti kubwa ya tovuti na lebo ni kwamba lebo ina vipimo. Tovuti ya kwanza kabisa, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa maneno na viungo tu, na maneno yake yalijikunja kufuata upana wa dirisha lolote. Walioingia baadaye wakitokea kwenye magazeti na vipeperushi walitaka vipimo, wakajenga kurasa za upana mmoja, mara pikseli 800, mara 960, kulingana na kompyuta za wakati huo. Simujanja zilipoenea, kurasa hizo zikawa za kuvutwa kwa vidole kushoto na kulia. Mwaka 2010 Ethan Marcotte akaandika makala iliyopendekeza ukurasa unaojibadili: safu zinazopimwa kwa asilimia, picha zinazonyumbulika, na masharti yanayouambia ukurasa upange vitu upya upana ukifika kiwango fulani. Kuanzia 2017 vivinjari vikubwa vilipoanza kutambua gridi ya CSS, lugha inayoupa ukurasa mpangilio na sura, kazi iliyokuwa ya hila nyingi ikawa ya mistari michache.

Hayo ndiyo yanayoifanya tovuti iwe ya kisasa. Vitu vinavyoruka na kuzunguka ukiusogeza ukurasa havimo.

Kwa wateja wa kikundi chetu, karibu wote wataingia kwa simu. Kwa hiyo ukurasa uchorwe kwa upana wa simu kwanza, pikseli 360 hivi, kisha upanuliwe kwa kompyuta. Upana huo mdogo unalazimisha uamuzi tulioanza nao: kitu kimoja kiwe juu ya kingine, hakuna pembeni. Nani awe wa kwanza? Jina na nembo, ndogo. Picha moja ya dumu iliyopigwa vizuri. Bei kwa shilingi, ya lita 5 na ya lita 20. Kitufe cha kupiga simu na cha WhatsApp. Mahali mafuta yanapopatikana. Hayo yote yaonekane kabla kidole hakijasogea mbali. Historia ya kikundi, salamu za mwenyekiti na picha za semina vina ukurasa wake, na anayevitaka atavifuata.

Uchunguzi wa kampuni ya Nielsen Norman wa mwaka 2006, uliofuatilia mwendo wa macho, ulionyesha kwamba kwenye kurasa zenye maandishi mengi watu husoma mistari ya juu, kisha hushuka wakipitisha macho upande wa kushoto tu. Maneno ya mwanzo wa mstari ndiyo yanayosomwa. Kichwa kisemacho "Karibu sana ujionee huduma zetu bora za mafuta" kimelaza neno muhimu mwishoni. "Mafuta ya alizeti, lita 5 na lita 20" kimelitanguliza.

Kiswahili kina mahitaji yake hapa, na violezo vya tovuti vinavyouzwa mtandaoni havikutengenezwa kwa kuyafikiria. Maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kama "tutakapowasilisha" kinachukua karibu nusu ya upana wa simu. Ukichagua maandishi yanyooke pande zote mbili, kivinjari kitayatanua maneno machache yaliyopo kwenye mstari na kuacha mapengo makubwa katikati. Yanyooshe kushoto, upande wa kulia uache uwe na pindo lisilo sawa. Vitufe navyo hupasuka: kiolezo kimeacha nafasi ya herufi nane, wewe unataka "Wasiliana nasi kwa WhatsApp". Usipunguze fonti. Andika "Agiza", "Piga simu", "Bei". Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pikseli 16, na nafasi kati ya mistari iwe kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Kwenye kompyuta safu isipanuke mpaka mwisho wa kioo. Mstari wa herufi 45 hadi 75 husomeka bila jicho kupotea linaporudi mwanzo. Na kwenye msimbo wa ukurasa lugha itajwe kuwa sw, ili programu zinazowasomea wasioona zijue zinasoma Kiswahili.

Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba. WCAG ya mwaka 2023 inataka angalau pikseli 24 kwa 24. Apple inashauri 44, Google 48. Mama lishe mwenye mkono wenye unga anastahili hiyo 48. Kuhusu menyu iliyofichwa nyuma ya mistari mitatu, kama una kurasa nne tu ziandike waziwazi. Ulichokificha wengi hawatakitafuta.

Halafu kuna uzito, ambao kwangu ni sehemu ya utunzi sawa na rangi. Simu ya kawaida sasa hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na faili moja linaweza kufika megabaiti 4. Pakia picha 20 za namna hiyo na umemwambia mgeni wako alipe megabaiti 80 za bando ili aone madumu. Picha hiyohiyo ikipunguzwa mpaka upana wa pikseli 1080 na kuhifadhiwa kama WebP, aina ya faili la picha linalobanwa, hushuka sana, mara nyingi chini ya kilobaiti 200, na kwenye simu macho hayaoni tofauti. Nembo iwekwe kama SVG, faili linalohifadhi mistari na mipindo badala ya vinukta. Litakuwa la kilobaiti chache na litabaki kali kwenye simu na kwenye ukuta wa stendi. Google hupima pia muda ambao kitu kikubwa cha ukurasa hutokea, na hukiita kizuri kikiwa ndani ya sekunde 2.5. Hupima na kurukaruka kwa ukurasa: umekaribia kubonyeza "Piga simu", picha ya juu inachelewa kufika, inasukuma kila kitu chini, unajikuta umebonyeza kingine. Dawa yake ni kuutajia ukurasa upana na urefu wa kila picha mapema, ili nafasi yake itengwe kabla picha haijafika.

Nembo iwe yako kweli

Mwaka 1971 mwanafunzi Carolyn Davidson alilipwa dola 35 kwa mchoro ambao sasa ni alama ya Nike. Mchoro mdogo unaweza kuwa mali kubwa, na mali hutunzwa kisheria. Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo mwenye kuuza pande zote mbili husajili pande zote mbili. Sheria hutaka alama iwe ya kipekee, na hapo utunzi unalipa: jina kama "Mafuta Safi ya Alizeti" na ua lililotazamwa usoni ni vigumu kuvizuia visitumiwe na wengine, kwa sababu vinaieleza bidhaa tu. Ua lililoinama likibeba tone kwenye uwazi wake lina sura ya kudai.

Mbunifu akimaliza, kikundi kisipokee picha moja kwa WhatsApp na kuondoka. Kidai faili la SVG na la PDF, picha ya PNG isiyo na mandhari, toleo jeusi, toleo jeupe lililokondeshwa, namba za rangi kwa kioo na kwa kuchapa, na jina la fonti pamoja na leseni yake. Makubaliano yaandikwe kwamba haki za mchoro zimehamia kwa kikundi. Anwani ya tovuti, iwe .co.tz au .or.tz, isajiliwe kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi, wala si ya kijana aliyeitengeneza, na nywila zikabidhiwe kwa watu wawili. Ada ya mwaka ya anwani hiyo iandikwe kwenye daftari la mweka hazina, mstari mmoja na matengenezo ya mashine ya kukamulia na ununuzi wa madumu.